Kubandua rangi ya unga iliyorundikana kwenye kulabu kwa naitrojeni ya kimiminika

Swali linalorudi kila mara ni hili: nikimwagia boneti ya gari naitrojeni ya kimiminika, rangi itadondoka? Haitadondoka. Utaona moshi mweupe kwa dakika moja, naitrojeni itaisha, na rangi itabaki pale pale. Swali la pili hufuata hapo hapo: mbona kwenye video rangi inapukutika kama magamba ya samaki? Kwa sababu rangi ile ilikuwa nene. Baridi kali hubandua rangi nene na huishindwa rangi nyembamba. Ukilishika hilo kabla ya kununua lita ya kwanza, umeshaepuka hasara kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Mwongozo huu ni wa karakana za rangi ya unga, zile zinazopulizia mageti, vitanda, madirisha na viti unga wa rangi uliotiwa umeme kisha kuvipitisha kwenye oveni. Kulabu na raki za kutundikia vyuma hupigwa rangi pamoja na mzigo, kila mzunguko safu moja. Safu moja ya rangi ya unga ina unene wa mikroni 60 hadi 80, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kulabu ikipita oveni mara 15, imeshavaa ganda la milimita moja. Ganda hilo linazuia umeme kwenda ardhini, na umeme usipokwenda ardhini unga haushiki vizuri kwenye mzigo: bunduki inapuliza, unga unaanguka sakafuni. Hapo ndipo wengi huchoma kulabu kwa moto wa kuni na kujaza mtaa moshi wa sumu, au huzikwaruza kwa grenda mpaka waya unakonda.

Pima unene kwanza

Chukua kipimo cha venia. Pima kulabu yenye rangi, toa kipenyo cha waya mtupu, gawa kwa mbili. Waya wa milimita 4 ukisoma milimita 6, una rangi ya milimita 1 kila upande.

Chini ya milimita 0.25, acha. Kati ya 0.25 na 0.5 utapata matokeo nusunusu, na utalazimika kuchovya mara mbili au tatu. Kuanzia 0.5 kwenda juu kazi inakwenda vizuri, na kadiri ganda linavyozidi kunenepa ndivyo linavyobanduka kwa urahisi. Kwa hiyo usikimbilie kusafisha kila baada ya mizunguko mitatu. Sehemu ndogo ya kulabu inayogusana na mzigo ikwaruze kwa kisu ili umeme upite, uendelee na kazi, kisha safisha zote pamoja zikishanenepa.

Sababu yenyewe ni fupi. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196 za Selsiasi. Fimbo ya chuma ya mita moja ikishuka kutoka joto la kawaida hadi hapo hufupika kwa kama milimita 2. Rangi, ambayo ni plastiki, inataka kujikunja mara kadhaa ya hapo, na wakati huo huo imekuwa ngumu na dhaifu kama glasi. Mvutano huo ndio unaoipasua na kuichomoa. Rangi nyembamba nayo inavutwa, lakini haina nguvu ya kutosha kuushinda mshiko wake kwenye chuma.

Vyuma vya kuchovya na vya kuacha

Kulabu za waya wa chuma cha kawaida, raki, minyororo ya kutundikia, vibano, vyuma vya stenlesi na vya alumini vyote huchovywa. Stenlesi ya kawaida isiyoshika sumaku na alumini hubaki imara hata kwenye baridi hiyo. Chuma cha kawaida hapana: kikiwa kwenye baridi kali huvunjika kama kigae ukikipiga kwa nguvu au kukipinda. Kikirudi kwenye joto la kawaida, ugumu wake unarudi ulivyokuwa.

Usichovye hivi:

- Vyuma vya kumimina, kwa mfano vipande vya bloku ya injini au miguu ya cherehani za zamani. Hupasuka.
- Vipande vya zinki ya kumimina, kama vitasa vya bei nafuu.
- Beringi, gia na vyuma vilivyotiwa ugumu. Vipimo vyake vinaweza kubadilika.
- Mabomba na mirija iliyozibwa pande zote. Hii ni hatari kuliko zote. Tundu dogo la sindano kwenye weldi linatosha kuingiza naitrojeni ndani. Bomba likipata joto, kimiminika kinageuka gesi kwa kasi kuliko tundu linavyoweza kuitoa, na bomba hupasuka kama bomu. Likiwa na maji ndani, nayo huganda na kulipasua.
- Chuma chenye weldi iliyokwisha kuonyesha ufa.

Vitu vya kuandaa

Naitrojeni. Huuzwa na kampuni za gesi za viwandani. Huzalishwa pia na vituo vya uhimilishaji wa mifugo kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za madume, kama kile cha Usa River, Arusha, na cha Kabete nchini Kenya. Uliza mambo matatu: bei ya lita, amana ya mtungi, na siku za kujaza. Waambie kazi unayokwenda kuifanya.

Mtungi wa kubebea, wa lita 20 hadi 35. Umejengwa kama chupa ya chai: kuta mbili na utupu katikati. Kizibo chake kimewekwa kwa kulegea makusudi ili gesi itoke. Usikikaze, usikifunge kwa gundi wala kwa mpira. Ukiazima mtungi wa mtaalamu wa uhimilishaji, usichovye kulabu humo ndani. Shingo ni nyembamba, na magamba ya rangi yakibaki chini umemharibia kazi yake.

Chombo cha kuchovyea. Sufuria ya alumini ya kawaida ya lita 10 inafaa kabisa, na ya stenlesi pia. Iweke ndani ya sanduku la foma, lile la kusafirishia samaki, lenye kuta za sentimita 4 au 5, na ujaze mapengo kwa vipande vya foma. Kipande kingine cha foma kiwe kifuniko cha kuegeshwa tu juu. Usitumie ndoo ya plastiki, beseni la plastiki, sufuria ya enameli wala ndoo ya bati. Plastiki hupasuka ikimwaga kila kitu miguuni pako.

Kikapu cha waya. Kile cha kukaangia chipsi ni kizuri, mradi kiwe cha stenlesi. Kijaribu kwa sumaku: isiposhika, au ikishika kwa unyonge, ni chenyewe. Kama mpini wake una plastiki, itoe.

Kinga ya mwili:

- Ngao ya uso mzima, na miwani ya kazi ndani yake.
- Glavu za baridi kali. Ukizikosa, glavu za ngozi kavu zilizolegea kiasi cha kuzitupa kwa kuung'uta mkono mara moja. Glavu za mpira na za pamba zilizofumwa hazifai. Za pamba hunyonya kimiminika na kukigandisha kwenye ngozi.
- Ovaroli au nguo za pamba za mikono mirefu, suruali ishuke nje ya buti wala isichomekwe ndani. Suruali iliyochomekwa hugeuza buti kuwa kikombe.
- Hakuna pete, saa wala bangili.

Vifaa vya kazi: koleo ndefu, nyundo ya mbao au ya plastiki ngumu, gogo la kugongea, turubai la kukusanyia magamba, brashi ya waya, kisu kikali, feni au kompresa, na multimita. Kipima oksijeni cha mfukoni kinachopiga kelele ikishuka chini ya asilimia 19.5 si anasa kwa karakana itakayofanya kazi hii kila mwezi.

Hesabu ya lita

Kilo moja ya chuma hula karibu nusu lita ya naitrojeni ili ishuke hadi −196. Kilo moja ya alumini hula lita nzima. Tuseme una kilo 20 za kulabu: lita 10 za kupoza chuma, lita 5 za kujaza sufuria, na zilizobaki za kufidia zinazovukizwa na za kuchovya tena zilizogoma. Chukua lita 25. Hizo peke yake zina uzito wa kilo 20, mtungi haujahesabiwa, kwa hiyo panga watu wawili wa kuuinamisha.

Nunua siku ile ile ya kazi, au siku moja kabla. Naitrojeni hupungua mtungini hata kama huigusi.

Hewa kabla ya yote

Lita moja ya kimiminika ikivukizwa hutoa karibu lita 700 za gesi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, na haikabi koo. Inasukuma oksijeni nje tu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Lita 10 zikivukizwa humo kimefungwa, oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 16. Hapo akili imeshaanza kulewa bila mwenyewe kujua. Ikishuka zaidi mtu huanguka ghafla, bila hata kikohozi.

Fanyia kazi nje, chini ya kivuli, upepo ukipita. Kama ni ndani, milango miwili inayotazamana iwe wazi. Usifanyie karibu na shimo la gereji la kukagulia magari, kwani gesi baridi ni nzito na hujaa humo. Ule ukungu mweupe unaouona ni mvuke wa maji ya hewani. Naitrojeni yenyewe huioni, na inaweza kuwa imefika mbali kuliko ukungu. Asifanye mtu kazi hii peke yake.

Kusafirisha: nyuma ya pikapu, mtungi umesimama wima na umefungwa kamba. Usiuweke ndani ya gari dogo lenye madirisha yaliyofungwa, na usipande nao lifti. Daladala, matatu na bodaboda hazihusiki kabisa.

Hatua za kazi

1. Chambua. Tenga kulabu nene na nyembamba kwa ukubwa wa waya, na ukague weldi moja moja. Zenye rangi chini ya milimita 0.25 ziweke pembeni zisubiri mizunguko mingine.

2. Osha mafuta kwa maji ya sabuni, kisha kausha kabisa juani au kwenye oveni ya karakana. Usiharakishe hapa. Maji yaliyobaki kwenye nyufa huganda na kuishika rangi kwa gundi ya barafu, tena yanakula naitrojeni ya bure.

3. Chana rangi. Hatua hii wanaoanza huiruka, kisha wanalaumu naitrojeni. Ganda lililouzunguka waya mviringo kama soksi likijikunja huubana waya badala ya kuuachia. Kwa kisu au kwa grenda yenye jiwe jembamba, chora mstari mmoja kwa urefu wa waya hadi karibu na chuma, na mikato ya kukingama kila sentimita 5 au 6. Ufa unapata pa kuanzia. Kwenye raki za vyuma bapa mikato michache pembeni inatosha.

4. Panga eneo. Sanduku la foma liwe juu ya meza imara au chini kwenye udongo. Lisiwe juu ya vigae, kwani tone kubwa huvipasua. Gogo na turubai viwe hatua mbili kutoka hapo, ili usitembee na chuma cha baridi katikati ya watu.

5. Vaa kila kitu, kisha ndipo ufungue mtungi.

6. Poza sufuria. Mimina nusu lita polepole. Itachemka kwa fujo na kurusha matone. Ikitulia, ongeza kidogo kidogo hadi ifike nusu ya sufuria, isizidi. Ukiijaza sana, kikapu kikiingia itafurika.

7. Shusha kikapu chenye kilo 2 za kulabu, si zaidi, na ukishushe taratibu kwa muda wa nusu dakika hadi dakika nzima. Ukikitumbukiza ghafla, kimiminika kitachemka na kuruka hadi usoni. Kulabu zote zizame. Iliyochomoza nusu itabanduka nusu.

8. Sikiliza. Mwanzo utaona mchemko wa wastani, kwa sababu chuma chenye joto hujifunika tabaka la gesi linalokikinga. Kisha mchemko huo hupanda ghafla kwa kelele kwa sekunde kadhaa, halafu kimya. Kelele ile ni ishara kwamba kimiminika kimegusa chuma chenyewe, na kimya ni ishara kwamba baridi imeingia. Subiri dakika moja zaidi baada ya kimya. Waya wa milimita 4 hadi 6 kwa kawaida humaliza ndani ya dakika 3. Chuma cha milimita 10 kinataka dakika 5 hadi 10. Ukisikia milio ya kupasuka ndani ya sufuria, ni rangi inaanza kuachia.

9. Inua kikapu, kiache kichuruzike juu ya sufuria sekunde 10, egesha kifuniko cha foma, na nenda kwenye turubai.

10. Gonga mara moja. Una kama dakika moja kabla rangi haijaanza kulainika tena. Shika kulabu kwa koleo, ilaze juu ya gogo, igonge kwa nyundo ya mbao vipigo vyepesi na vya haraka, ukienda kutoka upande mmoja hadi wa pili. Unaipiga rangi, huupigi waya. Kulabu ndogo nyingi zigonganishe zenyewe: zitikise ndani ya kikapu juu ya turubai mpaka magamba yaache kudondoka. Nyundo ya chuma iweke mbali, na usijaribu kunyoosha kulabu iliyopinda ikiwa bado ina baridi. Itakatika.

11. Zilizobaki na viraka zirudishe kwenye sufuria papo hapo kabla hazijapata joto, kwa kuwa hazitakula naitrojeni nyingi. Zikigoma mara ya pili, ziache zipate joto kabisa, zikaushe, kisha zichovye upya. Mshtuko kamili wa joto kwenda baridi hufanya kile ambacho kukaa muda mrefu kwenye sufuria hakifanyi. Dakika 30 ndani ya naitrojeni hazina faida zaidi ya 10.

12. Ongeza naitrojeni kila baada ya mikupuo miwili, kiwango kirudi nusu ya sufuria. Magamba yaliyozama chini yachote kwa kichujio cha stenlesi.

13. Pasha na kausha. Chuma kikitoka kwenye baridi huvaa barafu nyeupe, kisha hutoa jasho. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa jasho hilo ni maji ya kutiririka, na kutu inaweza kuonekana siku hiyo hiyo. Zitandaze juani, zipulizie hewa ya kompresa, au zipitishe kwenye oveni. Usizipake mafuta kuzuia kutu, kwa sababu mafuta hayo yatachafua mzigo ujao na kuacha vishimo kwenye rangi.

14. Malizia kwa brashi ya waya kwenye kona na macho ya kulabu. Kisha weka ncha moja ya multimita mahali kulabu inapotundikwa na nyingine mahali inapogusa mzigo. Usomaji uwe chini ya megaomu 1. Chuma kitupu kitasoma karibu na sifuri. Kama hausogei, kuna rangi uliyoisahau kwenye sehemu ya mgusano.

Makosa yanayoumiza watu

Kugusa chuma cha baridi kwa mkono wenye jasho: ngozi hunata. Mtu akipatwa na baridi kali ngozini, tumia maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 40, ya kutosha na kwa muda mrefu. Usisugue, usipake mafuta, usimsogeze kwenye moto. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Imwagie maji hayo mpaka ijiachie, kisha hospitali.

Kumkimbilia aliyeanguka chumbani. Aliyeanguka kwa kukosa oksijeni anavuta mwokoaji naye aanguke. Fungua milango, ingiza hewa kwa feni, ndipo aingie mtu, tena mwenzake akiwa nje anamwona.

Kuziba. Usiiweke naitrojeni kwenye chupa ya maji, termosi yenye kizibo cha kukaza, wala chombo chochote cha kufunga. Watu wamepoteza vidole kwa hilo.

Mafuta na grisi karibu na sufuria. Chombo kikiwa kwenye −196 kinaweza kugandisha hewa ikadondoka kama matone, na matone hayo yana oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida, kwa sababu oksijeni hugeuka kimiminika mapema, kwenye −183. Matone ya namna hiyo juu ya tambara lenye grisi yanasubiri cheche tu. Kwa hiyo mtungi ukishafunguliwa, grenda na mashine ya kuchomelea vikae mbali.

Magamba nayo ni makali kama vigae vya chupa. Usiyafagie kwa mkono mtupu. Rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo zipigie brashi ukiwa na barakoa ya vumbi na watoto wakiwa mbali. Kunja turubai, yatie kwenye mfuko mzito, uyapeleke kwenye taka za karakana, usiyachome.

Naitrojeni iliyobaki kwenye sufuria iache nje ivukizwe yenyewe, mahali ambapo mtoto wala mbwa hafiki. Usiimwage kwenye sinki au mtaro. Mabomba ya plastiki hupasuka.

Ukikosa naitrojeni: barafu kavu

Barafu kavu, ile kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ina nyuzi −78.5 tu. Ukiirundika juu ya kulabu, rangi nyingi za unga hazitabanduka, hata uzifunike nusu saa. Mashine zinazorusha punje za barafu kavu kwa hewa ya kompresa ni kitu kingine. Zinatoa grisi, masizi na rangi iliyokwisha kulegea, ila zinataka kompresa kubwa na bei yake si ya karakana ndogo.

Mahali barafu kavu inapotamba ni sakafu ya gari, kwenye yale mazulia ya lami ya kuzuia kelele yaliyogandishwa kwenye bati. Ng'oa viti na kapeti, fungua milango yote, tandaza punje za barafu kavu unene wa sentimita 3, subiri dakika 5 hadi 10, sukuma punje kwenda kipande kinachofuata na ugonge hapo kwa nyundo ya mpira. Lami hukatika vipande kama biskuti. Kwenye kuta za wima haikai. Itie kwenye mfuko wa kitambaa uushikilie. Kanuni za hewa ni zile zile, na hapa ni kali zaidi, kwani uko ndani ya gari na gesi hii inajaa chini pale unapopiga magoti.

Mambo yakienda kombo

*Rangi imepasuka nyufa nyufa lakini haidondoki.* Unene ni mdogo, au ulichelewa kugonga. Chovya tena, gonga ndani ya sekunde 20. Ikibaki hivyo hivyo, iache kulabu irudi kazini inenepe.

*Safu za juu zimetoka, ya chini imebaki.* Mara nyingi ya chini ni praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, au kulabu ilipigwa mchanga kabla ya kupakwa mara ya kwanza. Uso uliopigwa mchanga una meno, na epoksi hushika kuliko poliesta. Kwa kulabu hilo si tatizo: safu moja nyembamba iliyobaki ikwaruze sehemu za mgusano tu. Kulabu mpya usizipige mchanga. Uso laini utakurahisishia kazi safari ijayo.

*Rangi imetoka kwenye nyoofu, imebaki kwenye kona za ndani.* Kwenye kona ganda linajikaza lenyewe kwa lenyewe. Ongeza mkato wa kisu pale pale kwenye kona kabla ya kuchovya.

*Kulabu zimekatika.* Umegonga kwa nguvu, umetumia nyundo ya chuma, au waya ulikuwa umekwisha kuchoka kwa kupindwa mara nyingi. Kagua mahali ilipokatika: ukiona kutu ndani ya mpasuko, ufa ulikuwepo kabla.

*Naitrojeni imeisha nusu ya kazi.* Kagua foma kwanza, kisha uzito wa mikupuo, kisha kama kifuniko kiliegeshwa kila mara. Kikapu kilichoachwa nje mpaka kikapata joto nacho hula sehemu yake kila kinaporudi. Ukiacha mtungi usiku kucha na asubuhi ukaukuta umevaa barafu kwa nje, utupu wake umeharibika. Mrudishie mwenye mtungi, na usiutumie tena.

*Multimita inaonyesha safi lakini unga bado haushiki.* Angalia upande mwingine: reli ya kutundikia kulabu nayo ina rangi, au waya wa ardhi wa kibanda cha kupulizia umelegea.